Meno ya Maji ya Chai

Swali lilitoka safu ya nyuma, kwa mama mmoja aliyempakata mtoto aliyelala. Nilikuwa nimetumia robo saa nzima kueleza, kwa Kihispania changu cha kuokoteza, kwamba maji yenye floraidi ni rafiki wa meno na kwamba dawa ya meno isiyo na floraidi ni kutupa hela. Mkononi nilishika lile taya kubwa la plastiki ambalo watu wa kazi yangu hulibeba kila waendako. Yule mama akanisubiri nimalize, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Na ya kwako, señorita, yamepatwa na nini?"

Ukumbi wa kanisa ukanyamaza. Nami nikafanya nilichozoea kufanya tangu shule ya msingi: nikafunika mdomo kwa kiganja.

Nimezaliwa Maji ya Chai, pale kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi. Mgeni hudhani jina ni la utani mpaka auone mto wenyewe. Maji ya upande ule yanapita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na yamejaa floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hata miligramu 4, kwa kuwa kuna vijiji ambavyo maji ya chini ya hapo yangetafutwa kwa tochi. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya taya, yanaota na madoa ya kahawia, mengine na vishimo kabisa. Nilipokwenda sekondari ya bweni Morogoro wenzangu waliniita Ugoro. Kila Mtanzania anayajua meno ya Arusha, na kila mtu wa Arusha anaujua utani wake.

Sasa huyo ndiye aliyesimama mwaka 2011 kwenye kaunti ya Tulare, California, kuwahubiria watu floraidi.

Jibu lilikuwepo na ni jepesi: kipimo. Kiwango kinachopendekezwa Marekani kwenye maji ya bomba leo ni miligramu 0.7 kwa lita. Sisi tulikunywa mara kadhaa ya hapo tangu tukitambaa. Kijiko ni dawa, ndoo ni sumu. Lakini siku ile nilibabaika, nikasema kitu kuhusu "maji ya nyumbani", nikafungua ukurasa mwingine. Wakanipigia makofi ya adabu, wakachukua miswaki ya bure, wakaenda zao. Na hawa walikuwa watu ambao tayari hawakuyaamini maji yao, tena kwa haki. Visima vingi vya Bonde la San Joaquin, iliko kaunti ile, vina naitreti kutokana na mbolea na samadi, na ukame wa 2014 ulipokuja, East Porterville, ndani ya kaunti hiyohiyo, visima vilikauka nyumba hadi nyumba. Familia inanunua maji ya madumu kwa hela ya kuchuma machungwa, halafu anakuja Mwafrika mwenye meno ya kahawia kuwaambia wanywe ya bomba.

Aliyenifuata kwenye gari alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye kikapu cha tamales, yaani unga wa mahindi uliopikwa kwa mvuke ndani ya maganda, alizouza baada ya misa. Nitamwita Doña tu, kama walivyomwita wote, jinsi sisi tunavyosema Bibi hata kwa asiye bibi yetu. Alitoka Michoacán, Mexico, akafanya kazi miaka ishirini kwenye kiwanda cha kupaki machungwa. Alikuwa promotora, yaani mtu wa mtaani anayebeba habari za afya nyumba kwa nyumba, kazi ambayo mwanzoni hakulipwa hata senti. Akaniambia, "Ungeanza na hayo meno yako. Taya la plastiki lingebaki kwenye gari."

Nilichukia. Nilijiona mimi ndiye niliyesoma.

Nilifika Marekani 2007 kwa bahati nasibu ya grini kadi, nikaangukia bonde lile kwa sababu binamu yangu alikuwa anatunza wazee huko. Nami nikaanza na wazee, nikaenda kuwa msaidizi kwenye kliniki ya meno ya jamii, baadaye nikasomea usafi wa kinywa. Kihispania nilijifunza mapokezi, na kilinishika haraka kuliko Kiingereza, maana irabu zake ni zetu zilezile. Siku Doña aliponisikia nikisema "meza" na "bendera" akacheka mpaka akakaa chini: kwake ni mesa na bandera. Nikamweleza kwamba Wareno walipita pwani yetu zamani wakaacha maneno. Akasema, "Kumbe na nyinyi waliwafikia."

Kaunti ya Tulare karibu theluthi mbili ya watu wake ni Walatino, yaani wenye asili ya Mexico na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini. Nchi nzima walikuwa milioni 62 kwenye sensa ya 2020, karibu mtu mmoja kati ya watano, ilhali madaktari wa meno Walatino hawazidi sana sita katika kila mia. Kwetu hesabu hiyo uliiona kwa macho: mapokezi Kihispania, wasaidizi Kihispania, wafagiaji Kihispania, na mlango wa daktari ukifunguka, Kiingereza. Katikati ya mlango huo nilisimama mimi, wa Kiswahili.

Jambo lililonifundisha kuliko darasa lolote lilitokea mapema, nikiwa bado msaidizi. Julai 2009 jimbo la California, likiwa limeishiwa fedha, lilifuta karibu huduma zote za meno kwa watu wazima kwenye Medi-Cal, bima ya wenye kipato kidogo. Watoto walibaki. Kwa mtu mzima bima ililipa mambo machache, na kubwa kati ya hayo lilikuwa kung'oa. Kuziba haikulipa.

Akaja bwana wa miaka thelathini na kitu, mchuma zabibu, gego la chini limetoboka. Picha ya eksirei ilionyesha tundu ambalo halijafika hata kwenye mshipa wa jino. Ningeweza kulala usingizi daktari akiliziba. Daktari akamwambia kuziba ni hela ya mfukoni, akataja kiasi. Bwana akahesabu kwa vidole kwenye goti lake, juu ya lile suruali lenye vumbi la shamba, nadhani alikuwa akihesabu siku. Akauliza, "Na kung'oa?" Kung'oa ni bure. Akafungua mdomo. Nilishika mrija wa kunyonya mate, na nakumbuka jinsi lile jino lilivyokataa, zima, lenye mizizi imara kama ya mwembe. Lilipotoka akaomba apewe. Nikalifunga kwenye tishu. Akasema, huku ganzi ikimlegeza midomo, "Huyu bado alikuwa mzima."

Hadi leo watu wakisema afya ya kinywa ni suala la elimu, mimi namkumbuka bwana yule. Alipiga mswaki. Kilichong'oa jino lake ni mstari wa bajeti ulioandikwa Sacramento, makao makuu ya jimbo. Mwaka 2014 wakarudisha nusu: kuziba, kusafisha, meno bandia ya taya zima, na matibabu ya mzizi kwa meno ya mbele tu. Ya mbele tu! Kana kwamba maskini anahitaji kutabasamu ila kutafuna atajua mwenyewe. Magego, matibabu ya fizi na meno bandia ya sehemu vilingoja hadi Januari 2018.

Lakini hayo nilikuja kuyaunganisha baadaye. Wakati ule niliamini tatizo ni chupa.

Chupa ya maziwa kitandani, au mbaya zaidi ya juisi, inaoza meno ya mbele ya mtoto mpaka yanabaki vigutu vyeusi. Nilikuwa na mhadhara wangu mkali juu ya hilo. Kina mama wakijibu kwamba meno ya utotoni si yataanguka tu, nilikuwa nawakatiza, ingawa hata mama yangu angesema hivyohivyo. Doña akanibeba siku moja kwenye ziara zake. Nyumba ya tatu ilikuwa na familia mbili kwenye vyumba vitatu. Baba anaamka saa tisa usiku kwenda shamba, na nyuma ya ukuta wa mbao wamelala wengine wanaoamka saa hiyohiyo. Mtoto akilia usiku, watu sita hawalali, na asiyelala akipanda ngazi ya mchungwa kesho anaanguka. Chupa ilikuwa bembelezo la nyumba nzima. Nilikaa pale na karatasi zangu za rangi nikakosa la kusema. Doña ndiye aliyesema: usimnyang'anye, punguza maziwa ongeza maji, kidogo kila usiku, mpaka yabaki maji matupu. Wiki tatu hivi. Ushauri huo upo hata kwenye vitabu vyetu, ila mimi nilikuwa nikiutaja mwisho kabisa, baada ya kugomba.

Nilirudi nikimfikiria mdogo wangu. Aliyekulia Tanzania miaka ya themanini na tisini atakumbuka "meno ya plastiki": mtoto mchanga akiharisha au kupata homa, watu wanaona vivimbe vyeupe kwenye fizi, wanasema hayo ndiyo yanamuua, anapelekwa kwa mtaalamu wa mtaani kuchimbwa. Mdogo wangu alichimbwa kwa spoku ya baiskeli. Kilichotolewa ni vichipukizi vya chonge zake. Mama alipompeleka zahanati akivuja damu, nesi alimtukana mbele ya foleni nzima. Unajua matokeo? Mtoto aliyefuata mama alimchimba vilevile, ila hakumpeleka zahanati. Nilikuwa nayajua haya tangu nina miaka minane, nikavuka bahari, nikavaa koti jeupe, nikawa nesi yule.

Kosa jingine lilikuwa la barua. Sheria ya California ya 2006 inataka mtoto anayeanza shule ya umma apimwe meno kabla ya tarehe 31 Mei. Tulikwenda shule moja, tukapima, nikawaandikia wazazi barua kwa Kiingereza upande mmoja na Kihispania upande mwingine, nikijiona mjanja. Nilituma thelathini na mbili, zikajibiwa tano. Nikalalamika kwa Doña kwamba wazazi hawajali. Naye kwa mara ya kwanza hakuwa na jibu, akasema hao ni watu wa Oaxaca, jimbo la kusini mwa Mexico, akatumia lile neno la kudogosha ambalo wenyewe wanalichukia, ambalo mwaka 2012 wilaya ya shule ya Oxnard ililipiga marufuku. Doña naye alikuwa binadamu.

Walikuwa Wamixteko, wenyeji wa asili wa Mexico wenye lugha yao wenyewe. Kwenye fomu za serikali wote ni Hispanic, lakini Kihispania kwao ni lugha ya ofisini, na wazazi wengine hawakuwa nayo kabisa. Mama mmoja alipoona karatasi yenye nembo alidhani ni ya uhamiaji, akamtoa mtoto shule siku nne. Aliyetueleza ni binti wa darasa la kumi na moja, mtoto wa mchuma stroberi, aliyekuwa akiwatafsiria wazazi tangu ana miaka saba. Hapo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Bibi yangu Mmeru alikuwa na Kiswahili cha sokoni na cha kanisani, lakini maumivu yake aliyasema kwa Kimeru. Nesi asiyejua Kimeru alimwandikia Panadol miaka yote.

Mwaka uliofuata hatukutuma barua. Yule binti alirekodi ujumbe wa dakika moja kwa Kimixteko, ukatembea kwenye simu za watu mashambani. Doña alikwenda kumwomba radhi mama yake binti kwa lile neno. Sikuwepo, nilisikia tu kwamba alipeleka tamales na alikalishwa muda mrefu kabla hazijapokelewa.

Sasa nifike kwenye kiti cha bodi. Kliniki za jamii zinazopata ruzuku ya serikali kuu ya Marekani zina sharti ambalo wagonjwa wengi hawalijui: zaidi ya nusu ya wajumbe wa bodi, asilimia 51 angalau, lazima wawe wagonjwa wa kliniki yenyewe. Nilifanya kazi pale miaka minne kabla ya kulisikia. Kwenye karatasi tulikuwa nao. Kwenye mikutano walikaa kimya, kwa sababu makabrasha yalikuwa ya Kiingereza na mkutano ulianza saa nane mchana, saa ambayo mchuma machungwa yuko juu ya ngazi. Nafasi ilipotoka nikamwambia Doña aombe. Akasema yeye alisoma mpaka darasa la tano. Nikamwambia sharti ni kuwa mgonjwa, na ugonjwa wa fizi anao.

Swali lake la kwanza kwenye bodi liliulizwa kupitia mkalimani ambaye alilazimika kumdai: kwa nini kliniki inafunga saa kumi na moja jioni, ilhali magari ya kutoka shambani yanarudi saa kumi na moja na nusu? Wakamjibu habari za upungufu wa wafanyakazi. Mwezi uliofuata akauliza swali lilelile. Mwezi wa tatu akauliza tena, maneno yaleyale, sauti ileile. Mwezi wa nne niliitwa kueleza upande wa idara ya meno, nikazungumza dakika ishirini, nikataja tafiti, nikamtaja hadi Deamonte Driver, yule mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekufa Maryland mwaka 2007 baada ya usaha wa jino kupanda kwenye ubongo. Wajumbe walisikitika. Kisha wakaahirisha. Nje, Doña akaniambia, "Umewapa kitu cha kulilia. Mimi nilikuwa nimewapa kitu cha kujibu."

Alhamisi jioni zilianza kabla mwaka haujaisha, mpaka saa mbili usiku. Alhamisi ya kwanza sebule ilijaa watu wenye viatu vya matope, na msimamizi wa usafi akanung'unika kuhusu zulia.

Mwaka 2017, wakati huduma zilizobaki zinajadiliwa, tulipanda basi kwenda Sacramento. Lilitoka saa kumi alfajiri. Doña alileta tamales, mimi chapati thelathini, wakazila wakisema ni tortilla zilizonenepa. Baada ya safari ya karibu saa nne ndipo tukaelezwa utaratibu: mashahidi wakuu wanazungumza dakika mbili, umma unapanga foleni kwenye maikrofoni, na kila mtu anaruhusiwa kutaja jina, mji, na kama anaunga mkono au anapinga. Basi. Wengine walikuwa wameandika hotuba kwenye madaftari ya watoto wao. Doña alikuwa wa kwanza wetu. Akataja jina, akataja mji, akasema anaunga mkono, halafu akawatabasamia wabunge wale kwa mdomo mzima, yale mapengo manne ya magego na moja la mbele, akakaa hivyohivyo mpaka mwenyekiti akainua macho kutoka kwenye karatasi zake. Kutabasamu hakukuwa kumekatazwa.

Mimi nilikuwa wa tatu nyuma yake. Nilisema jina langu na mji wangu, karani akaniomba nirudie kwa kuwa hakusikia. Mkono wangu ulikuwa mdomoni.

Sijidanganyi kwamba basi letu ndilo lililorudisha magego ya California. Yalikuwepo mabasi mengi, na ile miaka jimbo lilikuwa na fedha. Wala mambo hayakupanda tu. Mwaka 2019 serikali kuu ilipotangaza kwamba kutumia bima ya umma kunaweza kumharibia mtu maombi ya makazi, watu walifuta hata miadi ya watoto, ingawa watoto hawakuguswa na kanuni ile. Ilifutwa Machi 2021, na hofu ikabaki nyuma kama harufu ya moshi kwenye nguo. Januari 2024 California ikafungua Medi-Cal kamili kwa watu wa umri wote wasio na makaratasi. Nilisafisha meno ya mtu wa miaka arobaini na tano ambaye hakuwahi kukalia kiti kile maishani, na ugaga ulitoka vipande vipande kama ukoko wa sufuria.

Kisha ikaja bajeti ya 2025: kuanzia Januari 2026 watu wazima wasio na makaratasi hawaandikishwi wapya, na walioandikishwa wanaondolewa huduma ya meno kuanzia Julai. Nilipoisoma nilikuwa jikoni. Mwili wangu ulikumbuka 2009 kabla ya kichwa.

Siku hizi nikikutana na kikundi kipya naanza na meno yangu. Nayaonyesha, nasema jina la kijiji, wanacheka, mtu anauliza kama yanauma, nasema hayaumi, yanaaibisha tu. Taya la plastiki liko kwenye buti ya gari. Binti wa Kimixteko sasa yuko chuoni, anasomea udaktari wa meno, na hunitumia picha za meno ya mazoezi aliyoyachonga vibaya.

Doña alinipigia wiki ile ya bajeti. Ana miaka sabini na kitu sasa, meno bandia yake ya sehemu yaliyolipwa na Medi-Cal ya 2018 yanapiga kelele akiongea haraka. Hakunisalimu. Alisema basi ni saa kumi alfajiri, palepale kanisani, na safari hii yule mama wa Oaxaca ndiye atakayetangulia kwenye maikrofoni, na mkalimani ameshapatikana. Akauliza kama chapati zitakuwa thelathini au arobaini.